Mita moja, kaya nane

Nyumba yetu ya Tandika ni ile ya Kiswahili ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani choo, bafu na bomba moja la maji. Marehemu mume wangu aliijenga chumba kwa chumba. Mimi nakaa vyumba viwili vya mbele, vilivyobaki nimepangisha. Tuko kaya nane chini ya bati moja, na umeme wetu wote unapita kwenye mita moja ya LUKU, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, iliyofungwa barazani. Nilifundisha hisabati shule ya msingi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo daftari la umeme la nyumba hii ninalo mimi.

Kuna jambo nimeliona kwenye daftari hilo ambalo nataka shirika la umeme TANESCO, mamlaka za maji na EWURA, mdhibiti wa bei za huduma hizo, waliangalie. Kila mwaka tunahimizwa tubane matumizi: zima taa, funga koki, usiache pasi kwenye umeme. Maneno hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini mtu hawezi kubana asichokiona, na hata akibana, hawezi kuendelea kama alichookoa kinaliwa na mwenzake wa chumba cha pili. Kwenye nyumba za kupanga, na mji huu umejaa nyumba za kupanga, ndivyo mambo yalivyo.

Tuanze na bei. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la D1 na kulipa shilingi 100 kwa uniti. Anayezoea kuvuka hapo huhamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA: wa kwanza anatoa kama shilingi 122 kwa uniti, wa pili kama 356. Nia yake ni njema kabisa. Asiye na kitu apate mwanga kwa bei anayoiweza, na yule anayekaribia uniti 75 awe na sababu ya kuchunga asivuke.

Sasa ingia kwenye korido yangu. Chumba cha tatu anakaa kijana wa bodaboda. Ana balbu moja, feni, redio na simu ya kuchaji. Matumizi yake ni uniti 18 hivi kwa mwezi. Angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 2,196. Lakini nyumba nzima, pamoja na friza la mama anayeuza barafu za ukwaju na friji langu, inakula uniti 280. Mita haimjui yeye wala mimi, inajua uniti 280 tu, na kwa mita hiyo sisi sote ni mteja mmoja mkubwa wa T1. Ukigawa sawa kwa sawa, kila kaya inachangia uniti 35, yaani shilingi 12,460. Kijana mwenye feni moja analipa zaidi ya mara tano ya kile ambacho bei ya wanyonge ilikusudia alipe. Na mtu mwenye nyumba yake peke yake kule mbele, mwenye friji, televisheni na taa za nje, ambaye uniti zake ni 70, anaipata ile bei ya shilingi 100.

Hilo halikufanywa kwa ubaya na mtu yeyote. Bei imefungwa kwenye mita, na maskini wa mjini hana mita. Nimeirudia hesabu hii na wajukuu zangu ubaoni, na kila mara inatoka hivyo hivyo.

Watu wa nyumba za kupanga wana njia zao za kugawana. Zipo nyumba zinazotoza kwa kifaa: mwenye televisheni atoe kiasi hiki, mwenye friji kiasi kile, mwenye taa tupu apunguziwe. Ni afadhali, lakini nayo ina tatizo lake. Ukishalipia friji kwa mwezi, huna sababu ya kujali kwamba mpira wa mlango wake umekatika na baridi inatoka usiku kucha. Ukishalipia pasi, utapiga pasi shati moja leo na jingine kesho, kila siku ukiichemsha upya. Na zipo nyumba zilizopiga marufuku jagi la umeme na hita ya koili, kisha mwenye nyumba akawa anasikiliza milangoni kama kuna maji yanayochemka. Kwangu sikutaka kuishi hivyo na watu wangu.

Tulikaa kikao uani, tukakubaliana kufunga mita ndogo kwa kila chumba. Zinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Fundi mwenye leseni alipanga waya upya, kila chumba na mita yake, zote zimepangwa ukutani kwenye korido mahali ambapo kila mtu anaziona anapopita. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunazisoma pamoja, naandika, kila mtu anatoa kulingana na alichokula.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifundisha. Mama wa barafu aliona kwamba friza lake linakula kama uniti tatu kwa siku. Hakuna aliyemwambia apunguze. Alimwita fundi, akabadilishiwa mpira wa mlango, akalisogeza mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, na akaanza kugandisha mzigo wote kwa mkupuo badala ya kufungua kila saa. Uniti zake zilishuka hadi mbili na kidogo. Fundi cherehani wa chumba cha tano alitoa balbu zake mbili za zamani za wati 60, akaweka za LED za wati 9, akafurahi kwamba anaona vizuri zaidi kutunga uzi. Mimi mwenyewe nilianza kupiga pasi nguo za wiki nzima siku moja. Nyumba iliyokuwa ikila uniti 280 sasa inakwenda kwenye 220, na ugomvi wa LUKU umekwisha. Zamani mita ikianza kulia kwamba uniti zinakaribia kuisha, kila mlango ulikuwa unafungwa.

Kwa hiyo ninaposema shirika limsaidie mwananchi kubana matumizi, sisemi habari za mabango na matangazo ya redio. Nasema lipeleke kipimo mpaka mlangoni kwake. LUKU yenyewe ni ushahidi. Kabla ya miaka ya 1990 umeme ulisomwa mwisho wa mwezi na ankara ikaja baadaye, wakati umeshatumika na hakuna anayekumbuka ulitumikaje. LUKU ilipokuja, mwenye nyumba akaanza kuona namba zinashuka mbele ya macho yake, na watoto wakajua kuzima taa kwa sababu baba ameangalia mita. Somo hilo la nchi nzima liliishia mlango wa mbele. Halikuingia koridoni.

Naomba basi mambo ambayo yanawezekana. Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja na bila nguzo, ni zaidi ya shilingi 320,000 tangu bei hiyo irejeshwe mwaka 2022, wakati kijijini ni 27,000. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutoa fedha hiyo kwa nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba haoni faida ya kutoa mara saba. Lakini tumeshaona LUKU inaweza kukusanya fedha kidogo kidogo. Tangu Agosti 2021 inakata kodi ya majengo, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 Julai 2023. Kama mita inaweza kukata kodi ya jengo, na mara nyingi anayeilipa ni mpangaji, basi inaweza vilevile kukata mkopo wa mita ya pili na ya tatu kwenye jengo hilohilo. Waya wa nje umeshafika nyumbani, nguzo ipo. Kinachoongezwa ni vifaa vya ukutani. Bei ya kuongeza mita kwenye nyumba ambayo tayari ina umeme isiwe sawa na ya kumfikishia umeme mtu mpya.

Na kama hilo litachukua muda, EWURA inaweza kuanza na jambo jepesi zaidi: nyumba ya kupanga iliyosajiliwa serikali ya mtaa, yenye kaya tano, ihesabiwe ukomo wake kwa kaya badala ya mita. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wapangaji, mjumbe anawajua zaidi. Sioni kwa nini bei nafuu ishindwe kuwafuata watu ambao serikali ya mtaa inawafahamu kwa majina.

Wapo wanaoniambia: Mwalimu, shida ya nini yote hii, umeme sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mgao ule wa mwishoni mwa 2023 tumeshausahau. Ni kweli, na nilishangilia kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini umeme kuwa mwingi Rufiji hakumpunguzii kijana wa chumba cha tatu shilingi hata moja. Na serikali imeshasema inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. TANESCO inahamasisha majiko ya presha ya umeme, na nayaunga mkono kwa moyo wote. Nimepikia la kwangu nikiwa nimekodolea macho mita ndogo: maharage nusu kilo, bila kulowekwa, hayakufika nusu ya uniti. Hata kwa bei ya T1 hiyo ni chini ya shilingi 180, fedha isiyotosha kununua mkaa wa kuwashia jiko. Wanawake wa uani kwangu waliiona namba hiyo, wakakaa kimya, wakaanza kuulizana jiko linauzwa bei gani. Lakini katika nyumba ambayo umeme unachangwa sawa kwa sawa, mwanamke wa kwanza kuleta jiko hilo ataonekana mwizi. Majirani watasema anapikia fedha zao. Nishati safi itakwama koridoni, kwa sababu hiyohiyo ya mita.

Nije kwenye maji, ambako hali ni ngumu zaidi, maana mita ya maji haipigi kelele.

Miezi ya Oktoba na Novemba 2022 jiji hili lilijua thamani ya tone. Mvua zilichelewa, maji ya Mto Ruvu yakapungua sana, na mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu, ambayo kwa kawaida inaweza kutoa lita milioni 466 kwa siku kwa pamoja, ikashuka hadi kama milioni 300. Visima vya Kigamboni viliharakishwa, mkataba wa Bwawa la Kidunda ukasainiwa. Sisi huku tulipanga madumu na kusubiri zamu. Mvua iliporudi, madumu yakarudi stoo na mazungumzo yakaisha.

Lakini ripoti za EWURA zimekuwa zikisema jambo lilelile mwaka hadi mwaka: kama thuluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu hayafiki kwenye ankara ya mtu. Yanavuja njiani, yanaibwa, au yanapita kwenye mita zilizochoka. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Kwa hiyo mamlaka yoyote inayoniomba nifunge koki ninapopiga mswaki ina wajibu wa kuniambia pia, kwenye ujumbe uleule, mwezi huu imeziba mivujo mingapi kwenye mtaa wangu. Watu hujibana kwa moyo wanapoona mwenzao anajibana.

Ndani ya nyumba zetu nako kuna mivujo ambayo hakuna anayeiona. Tone moja kwa kila sekunde, kutoka kwenye koki ambayo mpira wake umeliwa, linajaza karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Choo cha kuvuta ambacho boya lake halifungi vizuri ni kibaya zaidi. Kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku, kimya kimya, pembeni mwa sinki, bila sakafu kulowa. Cha kwetu uani kilifanya hivyo. Tulikigundua kwa njia ambayo kila mtu anaweza kuifanya: usiku, wote wakishalala, funga koki zote na usome mita, alfajiri, kabla mtu hajachota, isome tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanakwenda mahali. Ukikishuku choo, tia rangi ya chakula kwenye tenki lake la juu na usivute. Ukirudi baada ya nusu saa ukakuta rangi imeshuka kwenye sinki, umempata mwizi wako. Boya jipya ni elfu chache.

Huko Marekani, mamlaka nyingi za maji huwapa wateja vidonge vya rangi bure kwa kazi hiyohiyo. Sisi hatuhitaji vidonge. Tuna wasoma mita wanaopita nyumba kwa nyumba kila mwezi, watu ambao tunawajua na wanatuamkia. Ujumbe wa ankara unaokuja kwenye simu uongezewe mstari mmoja tu: mwezi uliopita ulitumia uniti 14, mwezi huu 31, kagua choo chako. Mwanamke aliyepo jikoni ataelewa mara moja. Leo hii watu wengi wanaona fedha imepanda, wanadhani wameonewa, wanaenda kugombana ofisini, na choo kinaendelea kumwaga.

Mfano ninaoupenda, na unaonitia hofu pia, ni wa Cape Town, Afrika Kusini, wakati wa ukame wake. Jiji hilo lilikuwa likitumia takriban lita bilioni 1.2 kwa siku mwaka 2015. Mwanzoni mwa 2018 lilikuwa chini ya milioni 600. Kutoka Februari mosi 2018 kila mkazi alitakiwa atumie lita 50 kwa siku. Jiji liliweka hata ramani iliyoonyesha nyumba gani zimebana. Ramani ya namna hiyo nisingeitaka Tandika, hatuhitaji kuaibishana. Ninachokitamani ni kwamba jiji lilikwenda kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini na kuwarekebishia mivujo bila malipo.

Lakini pamoja na matengenezo hayo lilifunga vifaa vya kukata maji nyumba ikishatumia lita 350 kwa siku. Kwa familia ya watu wanne au watano, hizo zinatosha. Kwenye viwanja ambavyo nyuma ya nyumba kuna vibanda vya wapangaji, watu kumi na zaidi kwenye mita moja, maji yalikatika kabla ya jioni. Mwenye kiwanja alipaswa kwenda kuomba aongezewe, akithibitisha idadi ya watu. Nilipoisoma habari hiyo niliona nyumba yangu ndani yake. Ni kosa lilelile la kuhesabu mita badala ya watu, ila huku kwetu linaumiza mfuko, kule lilikausha koo. Na baada ya watu kujibana kiasi kile, jiji liliongeza tozo isiyobadilika kulingana na ukubwa wa bomba, kwa sababu mapato yalishuka. Wananchi walikasirika, na ninawaelewa. Anayetaka watu wabane lazima awaambie mapema, kabla hawajaanza, fedha ya kuendeshea mitambo itatoka wapi wakishabana. California iliamua jambo hilo kwenye umeme tangu miaka ya 1980: mapato ya shirika yasitegemee kuuza uniti nyingi zaidi. EWURA nayo inaweza kulijadili.

Maji na umeme havitenganishwi. Maji ninayoyachota Tandika yamepandishwa kwa pampu za umeme kutoka mtoni Ruvu; umeme wa balbu yangu kwa sehemu kubwa ni maji ya Rufiji, Kidatu na Mtera. Choo kinachovuja kwangu kinapoteza vyote viwili. Kwa hiyo mafunzo yawe ya pamoja: siku moja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, msoma mita wa maji na afisa wa umeme wakae meza moja, wawafundishe watu kusoma mita zote mbili. Watoto wa darasa la tano wanaweza kuifanya hesabu hii. Niliwafundisha kutoa na kugawanya kwa miaka mingi kwa maembe na machungwa ya kwenye kitabu, wakati mita ya kweli ilikuwa ukutani kwao.

EWURA huitisha mikutano ya taftishi kabla ya kubadili bei, na yeyote anaruhusiwa kwenda kusema. Wanaokwenda zaidi ni wenye viwanda na wenye mahoteli, kwa sababu ankara zina majina yao. Wapangaji hawaendi, jina lao halipo popote. Mkutano ujao wa bei ya umeme ukiitishwa Dar es Salaam, nawasihi wenye nyumba wa Tandika, Mbagala, Manzese na Buguruni twende na wapangaji wetu, tuwaulize jambo moja: ule ukomo wa uniti 75, ni wa mita au wa mtu?

Wenye nyumba wenzangu, na kwetu kuna la kufanya kabla ya taftishi. Mita ndogo si za kufanyia biashara. Zipo nyumba ambako mpangaji anauziwa uniti kwa shilingi 500 na zaidi, wakati LUKU imetoa kwa 356. Mpangaji akishagundua hilo, na atagundua, haamini tena namba yoyote unayomsomea, na hana sababu ya kubana kitu. Risiti ya LUKU ibandikwe koridoni, karibu na mita, aione kila mtu. Kodi ya jengo iliyokatwa humo mwenye nyumba airudishe, maana jengo ni lake. Na waya upangwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa sababu saketi za nyumba nyingi za Kiswahili zilifungwa kwa ajili ya balbu, na leo tunazichomekea friza, pasi na jiko la presha kwa wakati mmoja.